Irmaan ya Sugow

Sugow alikuwa dalali wa mbuzi katika soko la Garissa, na maisha yake yote hakutokea mbuzi wala mtu aliyemshinda kwa kelele. Mbuzi aliyekonda akikaa mikononi mwake kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, mnunuzi alimwona amenona. Mkewe, Arbia, alizoea kusema kwamba siku Mungu alipogawa vipaji, mumewe aliwahi foleni ya ulimi akachelewa ile ya akili. Alisema kwa upendo, lakini alisema, na majirani walisikia.

Kuchelewa huko kulionekana wazi kwenye shax. Shax, neno ambalo Wasomali hulimalizia kwa h nzito ya kooni, ni mchezo wa mchangani. Mnachora miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, mnaiunganisha kwa mistari, kisha wawili mnapanga kete kwa zamu mpaka kila nafasi ijae. Kete ni chochote: huyu mawe, yule mavi makavu ya ngamia. Kila mmoja humtoa mwenzake kete moja ili nafasi ipatikane, ndipo mnaanza kusogeza. Ukipanga tatu katika mstari, unamtoa mwenzako nyingine. Na kuna hali moja ambayo kila mchezaji huiota: kete yako ikienda inafunga mstari huku, ikirudi inafunga mstari kule, na kila ikifunga mwenzako anapungua. Hali hiyo huitwa irmaan, yaani ngamia jike mwenye maziwa, kwa sababu unakamua asubuhi, unakamua jioni, na bado yamo.

Sugow hakuwahi kupata irmaan hata siku moja. Ila kwa maneno alikuwa nayo kila kukicha. Kila alasiri aliketi nyuma ya bucha, akimkabili Awil muuza kamba, mtu wa Wajir aliyekuwa bubu wa hiari, na kila alasiri Awil alimnyoa bila maji. Alichukua kete na hakurudisha kitu, hata neno la faraja. Kwa hiyo Sugow akambandika jina: Serikali. Soko zima likalipenda, na hata waliozungumza Kisomali walilitamka kwa Kiswahili hivyo hivyo.

Huo ulikuwa mwaka wa 1966, na vita vya shifta vilikuwa vimepamba moto. Watu walikuwa wamekusanywa vijijini nyuma ya seng'enge, na ngamia walikuwa wakikamatwa kama binadamu. Ngamia hubeba mizigo, ngamia hutoa maziwa, na wakubwa waliamini kwamba mizigo na maziwa yote yalikwenda porini. Katika mwaka kama huo, mtu mwenye akili angepunguza sauti. Sugow aliinuka pale nyuma ya bucha, kete zake zikiwa zimepangwa vizuri kuliko kawaida, akatangaza kwa Kisomali ili hata wachinjaji wasikie:

"Leo Serikali inakufa! Irmaan yangu iko tayari! Nitawatoa mmoja mmoja!"

Konstebo Komora alikuwa akipita. Komora alikuwa Mpokomo kutoka kando ya Tana, kijana mwema, na kituoni ndiye aliyetegemewa kwa ukalimani. Kisomali chake alikipata kwa kununua maziwa sokoni. Neno la ngamia wa maziwa alilijua barabara. Mambo ya miraba mchangani hakuyajua. Alitafsiri alichosikia, neno kwa neno, akampelekea mkubwa wake.

Kabla jua halijazama, Sugow alikuwa ndani. Ajabu zaidi, ngamia wa Arbia naye alikuwa ndani, amefungwa katika boma la polisi pamoja na mifugo mingine iliyokamatwa, kwa kosa la kuwa tayari. Watoto wa Arbia walikua kwa maziwa ya ngamia yule, na hakukuwa na mwingine. Alhamisi wanyama wote wa boma lile wangeswagwa kuvuka daraja la Tana, na hakuna aliyewahi kumwona ngamia aliyevuka akirudi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Arbia alikwenda akasimama kwenye seng'enge ya kituo, kibuyu kitupu mkononi, akamwambia mumewe maneno ambayo Komora, kwa bahati nzuri, hakuweza kuyatafsiri.

Jumatano asubuhi Sugow alipelekwa mbele ya Inspekta Mwakio, Mtaita mrefu mwenye miwani. Mezani palikuwa na ubao wa mraba mweusi kwa mweupe na vinyago vidogo vya mbao. Mfalme mmoja alikuwa amepotea safarini, na mahali pake pamesimama ganda la risasi. Sugow alilitazama ganda lile, akamkumbuka Mungu.

"Wallahi afande, bole sana," alisema, Kiswahili chake kikitoka na lafudhi yote ya soko. "Ile si ngamia. Ile ni mchezo. Shax!"

Inspekta alivua miwani. "Shah?"

"Ndiyo, shax!"

"Unajua sataranji, mzee?"

Sugow hakuwahi kujibu hapana kwa swali lolote. "Sana, afande!"

Kwa muda watu hawa wawili walielewana kabisa, kila mmoja akizungumzia chake. Inspekta, ambaye hakupata mtu wa kucheza naye tangu avuke Tana, alimvutia kiti. Alieleza kwamba mchezo ule ulizaliwa India, enzi na enzi, ukiwa na majeshi manne: ndovu, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Waajemi wakauchukua, na mfalme wao ndiye shah. Waarabu wakauchukua kwa Waajemi, Wazungu wakauchukua kwa Waarabu. Sugow alitikisa kichwa kwa heshima. Moyoni alijiambia kwamba huu kweli ulikuwa mchezo wa serikali: kila mtu anachukua, harudishi mtu.

"Na huyu," Inspekta akainua kinyago, "Mhindi aliyenifundisha pale Voi alimwita ngamia. Haendi mbele. Hukata kona tu, upande upande."

"Huyo ngamia kweli," Sugow alikubali. "Nani anakamua?"

Hapo ndipo maelewano yalipokatika. Inspekta aliuliza upya, polepole, na mambo ya miraba, mawe, mavi, irmaan na jina alilombandika Awil yakatoka. Komora, aliyesimama mlangoni, alisema kwao michezo ya maana ni bao tu: unapanda mbegu mashimoni, unavuna. Inspekta akasema bao ni la wakulima, sataranji ya wafalme. Sugow akadakia kwamba shax basi ni ya wafugaji: unafunga boma, unakamua. Inspekta alicheka, na kesi ingeishia hapo kama Sugow angenyamaza.

"Na hiyo irmaan," Inspekta aliuliza, "hutokea mara nyingi?"

"Mimi?" Sugow alijipiga kifua. "Kila siku, afande!"

"Vizuri. Jina mtu anaweza kulitunga akiwa mahabusu. Mlete huyo unayemwita Serikali, mcheze hapa mbele yangu. Nikiiona kwa macho yangu, ngamia anatoka. Nisipoiona, kesho anavuka."

Mdomo uliponza kichwa.

Awil aliletwa. Ua wa kituo ulifagiliwa, miraba ikachorwa, na Arbia alikuwa kwenye seng'enge na kibuyu chake. Komora alitangaza kwamba mchezaji atakayenong'ona atalala ndani. Awil aliangalia boma, akamwangalia Arbia, akaketi. Tangu aje kutoka Wajir hakuna mtu aliyewahi kumfungia irmaan, na jambo hilo lilijulikana mpaka Balambala. Mtu asiye na maneno huwa na sifa yake tu.

Akaanza kushindwa. Nasema akaanza, kwa sababu kushindwa na Sugow ilikuwa kazi ngumu kuliko kumshinda mwingine yeyote. Awil aliacha nafasi iliyo wazi kama mlango wa msikiti. Sugow akaweka jiwe kwingine. Awil akaacha nafasi ya pili. Sugow alifikiri sana, akakuna kidevu, akaiziba vibaya. Mara moja Awil alijikuta karibu kufunga mstari bila kukusudia, ikambidi ajisingizie kikohozi na kuweka kete pembeni. Jasho lilimtiririka. Arbia, ambaye hakuwahi kucheza, alianza kuelewa, na akafumba macho asione.

Ndipo, walipokuwa wamekwisha kuanza kusogeza, Awil aliishika kete yake moja, mavi makavu ya ngamia, kwa vidole viwili. Kete ile ndiyo iliyokuwa imezuia kila kitu. Hakuiondoa upesi. Alimtazama Sugow machoni, akageuza macho kwenye boma, akayarudisha. Kisha akaisogeza.

Sugow akaona. Kwa mara ya kwanza katika umri wake aliona shax jinsi wengine wanavyoiona: mstari huku, mstari kule, na njia nyeupe katikati. Akaona pia aliyemfungulia njia ile, na alichokuwa akitoa. Alitamani kusema kitu, na kwa mara nyingine ya kwanza, hakusema.

Akasogeza jiwe. Mstari. Akarudisha. Mstari. Kete za Awil zilitoka moja moja, naye akizitazama zikienda kama mtu anayesindikiza wageni. Inspekta alichuchumaa vumbini, miwani mkononi, uso umemng'aa.

"Shah mati," alisema. "Mfalme amekufa."

"Hapana, afande," Sugow alijibu kwa sauti ndogo. "Hakuna mtu amekufa. Ni masifa tu." Alikusudia maziwa, lakini z na w zilikuwa zimemchanganya siku hiyo.

Ngamia alitoka. Wenzake hawakutoka, Alhamisi walivuka daraja, na kuna nyumba ambazo hazikuwahi kupata mwingine. Arbia alimkamua pale pale nje ya kituo.

Kibuyu cha kwanza hakukipeleka nyumbani. Alikipeleka kwa Awil, akakiweka mlangoni, akaondoka. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa vilevile, mpaka vita vikaisha, na vilipoisha hakuacha. Nyumbani kwa Sugow watoto walikunywa, wageni walikunywa, na baba mwenye nyumba akazoea chai ya rangi.

Sugow alizeeka, na mbuzi wake waliendelea kunona kwa maneno. Lakini mtu akimwomba asimulie jinsi alivyomkamua Serikali mbele ya serikali, alikuwa akikohoa na kutazama mahali pengine.

"Mimi nilimkamua mara moja," alikuwa akisema. "Yeye ananikamua mpaka leo, na ni halali yake."