Jamhuri ya Uani kwa Bibi

Popote ninapopanga chumba, gunia la kakao likipita karibu, harufu yake chachu hunirudisha Ikolo, uani kwa bibi, kwenye jamhuri ya kipuuzi kuliko zote nilizowahi kuishi.

Bibi alituachia mkeka wa kakao tuulinde na kuku na mvua, maana kakao ikilowa huota ukungu na mnunuzi huikataa. Sisi tukaanzisha nchi. Binamu yangu, rais, aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa akigawa uraia. Watoto wote walitaka kuwa walowezi, kwa kuwa mlowezi hafanyi kazi. Nikabaki mwenyeji peke yangu.

"Na mimi nitakuwa mwenyeji," akasema binti wa muuza duka.

"Wewe? Babu yako si alikuja na baiskeli kutoka pwani?" rais akambeza. "Kaa nje ya mpaka."

Mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa maganda ya ndizi.

Mvua ya kwetu haipigi hodi. Walowezi wote wakakimbilia kibarazani na rais wao, wakapiga kelele: "Wenyeji! Okoeni uchumi!" Mwenyeji nilikuwa mmoja, na mkeka ulihitaji wabebaji wawili. Binti akaruka maganda, akashika upande wa pili, tukauingiza jikoni kakao ikiwa bado kavu.

Maji yakimchuruzika puani, akauliza, "Sasa mimi ni nani?"

Rais, miguu mikavu, akakohoa kama mtu mzima.

"Ndaga fijo, asante sana," akasema. "Suala lako bado tunalijadili."