Harusi ya Kudra kwenye Diski ya Muhidini

Muhidini wa pale Kibiti alikuwa mpiga video za harusi, na ubahili wake haukuwa na mfano. Laptopu yake ya mtumba ilipokata roho, hakuitupa ng'o. Aliichomoa diski ya ndani, akaitia kwenye kasha dogo alilonunua Kariakoo, akaichomeka kwa waya kwenye kompyuta ya dukani. Harusi zote zikaonekana, salama salimini. Tangu hapo diski ile ikawa ghala lake, na alijisifu nayo mpaka watu wakachoka.

Kudra, binti wa kijiji cha Salale ambaye harusi yake ilikuwa humo, akafa kwa uzazi ndani ya boti, hospitali haijafikiwa. Arobaini ilipopita, mumewe Doto akaja dukani.

"Futa ile harusi yetu, kaka. Marehemu yuko kichwa wazi, watu wamtazame? Haifai."

Muhidini akaona ni neno la dini, akafuta. Nafasi iliyopatikana akaijaza kwa harusi nyingine, maana Doto huyohuyo alioa tena, wala hakukawia. Dini gani hiyo yenye haraka namna ile, sijui.

Siku moja akaingia Bi Mwanamina, mama yake Kudra, akipapasa ukuta. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Hakuwa na picha hata moja ya mwanawe.

"Nimekuja kumchukua mwanangu, Muhidini. Nitilie kwenye sidii, nikae naye nyumbani."

 Muhidini akachomeka diski ili apate muda wa kutafuta maneno, akabonyeza harusi ya pili ya Doto, ndiyo iliyokuwamo. Sauti ya Doto ikasikika akitaniana na wageni. Bibi akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Huyo Doto," alisema. "Na huyu mwenye shela ndiye mwanangu. Kapendeza, maskini."

Hapo ndipo Muhidini angesema kweli. Alifungua mdomo, akayaona machozi ya yule mama, akaufunga. Uoga tu, usiitwe huruma. Akamtengenezea sidii, akakataa malipo, akamshika mkono hadi barabarani.

"Mungu akuzidishie, baba," Bi Mwanamina alisema, sidii kaifunga kwenye pindo la kanga. "Jirani yangu ana televisheni ya betri na deki. Leo nawaita wote waje wamwone Kudra."

Muhidini akabaki kasimama pale. Majirani wa Salale wanaona vizuri, na Kudra wote walimjua.