Kuku Aliyetusemea Hadi Machimboni

Mjukuu wangu alikuja juzi na begi mgongoni, kubwa kuliko yeye, akaniambia anataka kuzunguka nchi nne kwa hela kidogo, analala popote, anapanda gari lolote. Alidhani nitashtuka. Nikamwambia, "Wewe una begi. Mimi nilikuwa na kuku." Akacheka mpaka akakaa chini. Basi naandika haya ili ajue anamcheka nani. Nimesoma madarasa mawili tu ya misheni, lakini miguu hii ilivuka mipaka ambayo mwalimu wangu aliijua kwenye ramani tu.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Mume wangu alikwenda kwenye machimbo ya shaba, Rodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, akaahidi kurudi baada ya mavuno. Mavuno yakapita, ya mwaka wa pili nayo yakapita, barua hakuna. Baba yangu mzazi akaja kwa wakwe zangu, akasema mbele ya watu: mvua za kupandia zikianza kijana hayupo, namrudisha binti yangu nyumbani. Mimi sikutaka kurudishwa. Nilimtaka mume wangu, nikasema hivyo hivyo, na waliotaka kuziba masikio wakaziba.

Tukaamua kumfuata, watu watatu: baba mkwe, mama mkwe na mimi. Mama mkwe alikuwa wa lazima. Kwetu enzi hizo mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hapiti mbele yake, hali naye, wala hasemi naye. Neno lazima lipite kwa mtu wa tatu. Baba mkwe alikuwa akisema, "Mama, mwambie mwanangu alete maji," mwanangu ndiye mimi, nami nimesimama palepale, nimesikia yote, lakini nangoja niambiwe upya ndipo niende.

Tulitoka Njombe alfajiri na unga wa ulezi, mahindi ya kukaanga, blanketi mbili, na mtetea mwekundu ndani ya tenga kichwani kwangu. Kuku alikuwa zawadi ya mume wangu. Kumfuata mwanaume mikono mitupu nisingeweza. Siku ya pili, Mahongole, mguu wa mama mkwe ukavimba kama mtungi, tukamwacha kwa dada yake. Hata Makambako hatujafika, mtu wa tatu ameisha!

Tukatembea kimya, baba mkwe mbele, mimi nyuma mbali kidogo. Makambako tukakuta lori la mizigo linakwenda Mbeya. Dereva alikuwa mtu mwema, akakubali kutubeba bure tukimsaidia kupakia magunia. Tukapakia. Akauliza, "Haya mzee, nani anakaa wapi?"

Baba mkwe akatazama mbingu. Akatazama lori. Akatazama tenga langu.

"Kuku," akasema, "mwambie mwanangu akae nyuma kwenye magunia. Mimi nakaa mbele."

Nami nikajibu, "Kuku, mwambie baba nimesikia."

Dereva akashuka kabisa atutazame vizuri.

Tangu hapo kuku akawa na kazi. Kutoka Mbeya tulikwenda kwa miguu. Baba mkwe hakutaka kupita Tunduma, maana kule kulikuwa na ofisi inayouliza karatasi, na sisi hatukuwa na karatasi. Alisema na kuku kwamba tupite Songwe, kule kuna mto tu, na mto hauulizi kitu. Hauulizi kweli, ila unavuta. Maji yalinifika kiunoni, nikateleza kwenye jiwe, tenga likayumba. Kunishika mkono hawezi, ni mwiko. Akanyoosha fimbo yake huku ameangalia pembeni, akapiga kelele, "Kuku! Mwambie ashike fimbo!"

"Kuku! Mwambie nimeshika!"

Ng'ambo ile ni Nyasalandi, Malawi ya leo. Bibi mmoja aliyekuwa akifua alitutazama mwanzo mpaka mwisho, akapiga makofi akasema huyu mke kalelewa. Kwao nao mwiko ni huohuo. Usiku huo tulilala kwake na viazi tukala, kila mtu upande wake wa ukuta.

Tulipoingia Rodesia hakuna aliyetupigia makofi. Unga uliisha. Tukawa tunalima mashamba ya watu asubuhi ili tupate chakula cha jioni. Siku moja tukakosa hata shamba la kulima, kuku akataga. Yai moja, watu wawili wenye njaa.

"Kuku, mwambie mwanangu ale, mimi nimeshiba." Tumbo lake likanguruma hapohapo.

"Kuku, mwambie baba mimi mayai hayanikai."

"Kuku, mwambie aache uongo."

"Kuku, mwambie baba tumbo lake limeshamchongea."

Akageuka upesi mgongo wake unitazame, nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Tukalichemsha, akala nusu, akaweka nusu juu ya jani, akaondoka hatua kumi ili nami nile.

Akaja dereva mwingine, lori lake linakwenda hadi machimboni penyewe. Akasema atatubeba, nauli yetu ni kuku. Mimi miguu ilikuwa imepasuka, ningempa na tenga. Baba mkwe akatikisa kichwa. "Huyu simuuzi. Nikimuuza, nitaongea na nani?" Tukatembea siku sita zaidi. Siku ya kwanza nilimsema kuku maneno makali sana, na baba mkwe alijua si ya kuku.

Mume wangu tulimkuta kwenye kambi ya wachimbaji, amekonda, anajipikia. Hakuwa na mwanamke, hakuwa na ugonjwa. Aliona aibu kurudi bila baiskeli aliyoahidi. Akasema, "Rudini tu, mwakani nitakuja." Nikaona safari yote inamwagika chini. Mvua hazingengoja mwakani.

Alikuwa amekaa katikati yetu. Mtu wa tatu ndiye huyo, mzima, ana masikio. Lakini sisi tulishazoea. Baba mkwe akamtoa kuku kwenye tenga, akampakata.

"Kuku, mwambie mwanangu asilie. Kesho tunarudi wote watatu."

"Kuku, mwambie baba watatu ni nani na nani?"

"Mwambie ni mimi, yeye, na wewe."

"Kuku, mwambie baba sawa. Na wewe leo ulale mapema, umechoka kusema."

Mume wangu alisimama. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akamtazama kuku. Akanivuta nje, akanong'ona, "Mmekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu Makambako," nikasema. Na kweli ndivyo ilivyokuwa.

"Wote wawili?"

"Na kuku."

Asubuhi alikuwa amefunga virago. Alisema hawezi kuwaacha njiani peke yao watu wawili walioharibikiwa akili. Alitushika kama mayai mpaka Njombe, mama mkwe tukampitia Mahongole, na tulifika mawingu yamejaa, mvua bado. Baba yangu alipokuja kunichukua alimkuta mkwe wake shambani na jembe.

Njiani kote mume wangu alitusemesha taratibu, kama wagonjwa, nasi hatukumsahihisha. Jioni ile ya kwanza nyumbani, baba mkwe alipita karibu na banda la kuku. Nilikuwa ndani nikisafisha, naye alijua nimo.

"Kuku," akasema polepole, "mwambie mwanangu, huyu kijana tusimwambie."

"Kuku," nikajibu, "mwambie baba nimesikia."