Nilipoitwa Mkiwa

Nikisikia harufu ya mafuta ya mbarika, hata kwenye nywele za mtu nisiyemjua, narudi Newala nikiwa na miaka kumi na moja. Nimepakwa mafuta hayo toka utosini hadi kwenye kucha, nimekaa mkekani na wenzangu, tunasubiri kuitwa. Ulikuwa mwisho mwisho wa utawala wa Waingereza, lakini sisi wasichana tulikuwa na yetu ya kuhangaikia.

Mimi nilihangaikia jina. Niliitwa Mkiwa. Alinipa Bibi, mama yake mama, wiki ile mama alipofariki akaniacha mchanga. Wenzangu hawakulielewa neno hilo, mpaka mwalimu wa Jumapili alipotueleza kuwa mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake. Alieleza kwa nia njema, maskini, ila tangu hapo kila tuliposhuka bondeni kuteka maji niliulizwa nani kaniacha leo. Nikanuna. Nilikuwa na kipaji cha kununa. Hata kuku wa Bibi walinikwepa.

Nilichosubiri ni malango, yaani unyago wa wasichana wa Kikristo. Kwetu mwali akitoka huko huchukua jina jipya, na la utotoni halitamkwi tena. Kumwita kwalo ni kumtukana. Nilichagua Furaha. Nililisemea ndani ya mtungi mtupu nisikie linavyovuma, nikaridhika.

Kabla sijaingia malangoni nilimweleza Bibi. Alikuwa anapepeta mtama.

"Umefikiri vizuri?" aliniuliza.

"Ndiyo, Bibi."

Ungo ulisimama mikononi mwake, kisha ukaendelea. "Basi, mjukuu wangu, litakuwa hilo."

Siku ya kutoka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita Furaha, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote. Niliitika kwa maringo. Hakukosea hata mara moja baada ya hapo, ingawa uzeeni alisahau majina ya majirani wa ukuta kwa ukuta.

Alipofariki nilikuwa tayari mama wa watoto wawili. Mdogo wake alifika msibani kutoka Masasi, nikamwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Makiwa, mjukuu wangu."

Nilidhani ananiita kwa jina lile la utotoni, nikamwuliza kwa nini. Ndipo akanieleza kuwa baba yao aliletwa na wamisheni kutoka Unguja, akaja na maneno yake. Nyumbani kwao aliyefiwa hakuambiwa pole, alipewa makiwa; na mkiwa ndiye huyo aliyefiwa.

"Mama yako alikuwa mtoto wake wa pekee," alisema. "Huku Newala dada alikoolewa, nani angempa makiwa kama ya kwetu? Akakuita wewe hivyo. Aliniambia, kila atakayemwita huyu mtoto atakuwa amenipa mimi makiwa."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na kilio kile hakikuwa cha msiba wa siku hiyo peke yake. Miaka yote nilidhani jina lile lilinihusu mimi, na aibu ilikuwa yangu. Nilipolitupa, hakubaki mtu wa kumpa Bibi makiwa, hata mimi niliyekula naye sahani moja. Na sikuwahi, hata siku moja, kumwuliza kama bado anamlilia mtoto wake.