Sweta ya Mama wa Chekalini

Ukuta wa Lucca ni mpana kiasi kwamba malori mawili ya miwa yangeweza kupishana juu yake. Ndivyo nilivyowaeleza wanafunzi wangu niliporudi Kakamega, wakacheka. Niliwaeleza pia habari za miti mikubwa iliyopandwa juu ya ukuta huo, watu wanaouzunguka mji mzima kwa baiskeli bila kukanyaga barabara ya chini, na kanisa ambamo mtakatifu aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani amelazwa ndani ya sanduku la kioo. Kuna jambo moja la siku ile ambalo sikuwaeleza.

Tulikuwa kikundi cha hija cha parokia yetu, watu kumi na wanne pamoja na padri. Tulilala Florence, na asubuhi basi likatupeleka Lucca kwa siku moja, kwa sababu padri alitaka tumwone huyo mtakatifu. Chumbani nilikaa na mama mmoja wa Khayega anayeuza vitambaa. Baada ya kanisa, kiongozi wetu Mwitaliano alitupandisha ukutani, akaanza kueleza jinsi ulivyojengwa kuzuia maadui ambao mwishowe hawakuja kuushambulia. Yule mama wa Khayega alikuwa ameumia miguu. Mimi na yeye tukaketi kwenye benchi, tukavua viatu, tukaanza kusengenya chakula cha hoteli kwa Kiluhya.

Msichana mmoja Mwafrika alikuwa anapita akisukuma kiti cha magurudumu. Ndani yake alikaa ajuza wa Kizungu aliyefunikwa blanketi. Msichana alitupita hatua chache, akasimama, akarudi nyuma.

"Mulembe," alitusalimia.

Tulimwitikia kwa pamoja, kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia. Akatuuliza tunatoka wapi. Nilipotaja Kakamega alijishika kifua. Yeye alikuwa wa Chekalini. Alikuja kumtunza huyo bibi, akasema, na makaratasi yake yakawa na shida, kwa hivyo akitoka Italia hatarudi. Baba yake alizikwa yeye akiwa huku.

"Mama yuko peke yake sasa," alisema. "Analalamikanga baridi ya asubuhi. Nimemfumia sweta, huyu bibi ndiye alinifundisha. Nilikuwa natafuta tu mtu wa kubeba. Mwalimu, utanisaidia?"

Alikuwa ameshajua kwamba mimi ni mwalimu. Nilikuwa nimehakikisha hilo katika dakika mbili za kwanza. Wenzetu walikuwa wamerudi kututafuta na sasa walisimama kutuzunguka, padri akiwa miongoni mwao. Nikasema, ili wote wasikie, "Si kubeba tu. Nitampelekea mwenyewe mpaka mlangoni." Padri aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Nilifurahi kuonekana hivyo.

Msichana alituachia yule bibi hapo kwenye benchi, akateremka mbio kuileta sweta. Bibi alimshika mama wa Khayega mkono, akawa anaongea naye Kiitaliano kama kwamba tunaelewa. Baada ya muda msichana alirudi akitweta, na kifurushi cha karatasi kilichofungwa uzi. Alifungua pembeni nikaona rangi, damu ya mzee, sufu nene, mishono iliyobana vizuri. Alinipa nambari yake, akachukua yangu. Kisha akapiga magoti kidogo kunishukuru, vile wasichana wa kwetu wanavyofanya, na baiskeli za Waitaliano zikalazimika kumkwepa.

Mchana wote nilinunua vitu. Mkoba wa ngozi, viatu vya mume wangu, birika la kahawa, sanamu ya Bikira Maria ya jiwe.

Kesho yake asubuhi, siku ya kurudi nyumbani, nilipima sanduku langu hotelini, likawa limezidi uzito. Mama wa Khayega alikuwa ameshuka kunywa chai. Nilitoa viatu, nikavirudisha. Nilitoa sanamu, nikairudisha. Kisha nikatoa kile kifurushi, nikakiweka ndani ya kabati, kwenye rafu ya juu, nikafunga mlango wa kabati. Nilijiambia kwamba mfagiaji atakipata na ataivaa sweta. Nilijiambia pia kwamba ningemweleza msichana ukweli na angeelewa. Yote haya yalichukua muda mfupi kuliko ninavyochukua kuyaandika.

Kwenye foleni ya uwanja wa ndege, mama wa Khayega aliniambia, "Sanduku langu liko nusu. Kama una kitu kinakulemea, leta."

"Niko sawa," nikamjibu.

Wiki moja baadaye simu yangu ililia nikiwa katika chumba cha walimu. Sauti ilikuwa ya mama mzee. "Mimi ni mama wa yule wa Italia. Nimeambiwa una mzigo wangu. Nije Kakamega?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Mdomo wangu ukasema, "Usisumbuke, mama. Nitauleta."

Jumamosi nilikwenda soko la mitumba. Niligeuza mafungu mpaka mgongo ukauma, nikapata sweta ya kufumwa kwa mkono, rangi inayokaribia. Niliifua mara mbili, nikakata lebo ya shingoni, nikaikunja katika karatasi, nikatafuta uzi. Nakumbuka niliufunga ule uzi kwa makini sana.

Chekalini nilifika kwa boda boda karibu na saa saba. Mama yule alikuwa mwembamba, mrefu, na alikuwa amewaita majirani wawili. Alikuwa amechinja kuku. Nilisema ninaharakisha. Akasema mtu aliyemwona mtoto wake kwa macho hawezi kutoka kwake bila kula obusuma, ugali wa kwetu. Nikala. Walinipa paja, kisha firigisi, sehemu ambayo kwetu hapewi mtu wa hivi hivi.

Alifungua kifurushi, akaivaa juu ya gauni lake, jua likiwaka. Mikono ilimpita vidole.

"Amesahau mwili wangu," aliwaambia majirani, akicheka kidogo. Akakunja mikono ile, akainusa sweta begani. Ilinukia sabuni yangu. "Anatumianga sabuni nzuri huko," akasema.

Halafu akanipa simu yake nimpige picha amtumie binti. Nilipiga. Nikamwambia mtandao umekataa, picha itatumwa baadaye. Ilikuwa uongo, na jirani mmoja alichukua ile simu kutoka mkononi mwangu akaituma mara moja, bila shida yoyote. Nilikaa hapo na sahani yangu.

Siku mbili nzima hakuna aliyeniandikia. Siku ya tatu ukaja ujumbe kutoka Lucca: "Mwalimu, nimeona picha. Asante kwa kufika mpaka nyumbani. Mama amefurahi sana. Tafadhali usimwambie."

Nilisoma nikiwa nimesimama uwanjani, paredi ikiendelea, wanafunzi wakiimba wimbo wa taifa. Nilimpigia wakati wa mapumziko. Nilimweleza yote, kabati, rafu ya juu, viatu, sanamu, soko. Nilimsikia yule bibi akikohoa nyuma yake. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: ni hoteli gani, ili apige simu aulize. Nikampa jina. Alipiga. Hawakuwa nayo.

"Nitafuma nyingine," aliniandikia. "Hiyo nitatafuta mtu mwingine wa kubeba." Hakuweka neno la hasira, na nimelitafuta sana katika ujumbe ule, kwa maana ningelipokea kwa shukrani.

Padri alinitaja kanisani mwezi uliofuata, bila kutaja jina, kama mfano wa hujaji aliyetimiza ahadi. Mama wa Khayega alinigeukia akanibana mkono. Niliinamisha kichwa, na nadhani walioniona walidhani ni unyenyekevu.

Mama wa Chekalini hunipigia bado. Hunisalimia, huuliza habari za watoto, hunieleza mvua. Juzi aliniuliza kama nitakwenda tena Italia, kwa sababu amekaanga njugu na anataka kumtumia binti yake, na hamwamini mtu mwingine.

Nilimwambia siendi tena.