Kopo la Paka na Kikombe cha Mama

Katikati ya miaka ya tisini, pale Mpanda, nyumba yetu ilikuwa na wagonjwa wawili wa kisukari: mama yangu mzazi na paka. Mimi, mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, ndiye niliyekuwa muuguzi wao, na nawaambia kweli, paka alikuwa na adabu kuliko mwenzake.

Ugonjwa wa paka aliugundua mama. Dume lile la kijivu lilianza kunywa maji mpaka tukashangaa, na kila lilipokojoa kwenye karai la kokoto tulilomwekea, sisimizi walijipanga ukingoni. Mama hakuhitaji daktari. Hata ugonjwa wake yeye, waliotangulia kuutangaza ni sisimizi wa chooni, hospitali ilikuja kuthibitisha tu. Mimi nilipuuza. Bwana mifugo, aliyezoea ng'ombe wa Wasukuma, alipopita kwetu nikamsimulia habari hiyo kama kichekesho, na kweli alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Kisha akamkagua paka, akambeba kukisia uzito, akasema mama yuko sahihi. Insulini ya binadamu humfaa paka, ila kidogo sana: yuniti moja asubuhi na moja jioni, akishakula.

Nilikataa. Insulini ya mama ilikuja kwa treni kutoka Tabora, siku ikija, na kwa kukosa friji tuliihifadhi ndani ya mtungi uliokaa kwenye mchanga uliolowa maji. Leo niigawe kwa paka? Lakini mama, ambaye kila asubuhi tuligombana kwanza ndipo anyooshe mkono achomwe, akaweka sharti. Paka analinda mpunga wa nyumba hii, alisema, yeye mama anaula tu. Asipochomwa mlinzi, mlaji naye hachomwi. Nikasalimu amri, na tangu siku hiyo mama hakugoma tena.

Sukari tuliipima kwa mkojo. Muuguzi mmoja alikuwa amenipa chupa ya dawa ya bluu: unatia kidogo kwenye tyubu, unadondoshea matone manane ya mkojo, unachemsha juu ya koroboi. Ikibaki bluu, sukari hakuna. Ikienda kijani au njano, jihadhari. Ikiwa nyekundu ya tofali, kuna mtu amekula asichotakiwa kula. Mkojo wa mama ulikaa kwenye kikombe cha bati, wa paka kwenye kopo la maziwa, na mama ndiye aliyeniwekea vyote viwili dirishani wakati mimi naoga niende shule. Nilimshukuru sana kwa msaada huo. Msomi akiamua kuwa mjinga, hakuna wa kumzuia.

Maana kabla ya msaada huo tyubu ya mama ilikuwa tofali karibu kila Ijumaa. Alhamisi alikwenda jumuiya, na kwetu huwezi kusali nyumbani kwa watu halafu ukakataa chai yao, na chai isiyo na sukari watu wanaihesabu maji ya moto. Nilimsema. Nilimsema mbele ya jirani, nilimsema akiwa anakula, nilimsema kwa sauti ileile ninayowasemea watoto wa darasa la nne. Basi ghafla akanyooka. Wiki nzima bluu, ya pili bluu. Nikamsifia hadi kwa walimu wenzangu. Alikuwa amepungua mwili, magauni yanamning'inia, nikasema ndiyo faida ya kufuata masharti. Nikampunguzia na dozi.

Paka ndiye aliyeniharibikia. Tofali, tofali, tofali. Nikaamini anaiba chakula kwa jirani, nikamfungia ndani. Nikampandishia yuniti mbili, kisha tatu. Sisimizi walikuwa wameshahama kwenye karai lake, nililiona hilo kwa macho yangu na sikujiuliza. Mimi nilisomea tyubu, sikusomea sisimizi.

Jumamosi moja nikampa nne. Kwenye saa nne asubuhi akatoka chini ya kiti anapepesuka, akaanguka ubavu, miguu ikaanza kurukaruka yenyewe. Nilisimama pale nikijua kabisa ni nini: insulini imemzidi, na asipopata sukari sasa hivi anakufa. Na bado nikawa nabishana peke yangu kwamba haiwezekani, huyu asubuhi hii tyubu yake ilikuwa nyekundu.

Mama alinipita. Alikwenda kwenye magunia ya mpunga, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa chupa ya asali, ile nzito ya kutoka Sitalike, imebaki nusu. Akakaa sakafuni, akampakata paka, akawa anampaka asali kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo, huku akimwomba msamaha kwa Kipimbwe, lugha ya kwao. Nikauliza asali imefikaje kwenye mpunga.

"Usimchome tena," alisema bila kuniangalia. "Huo mwekundu ni mkojo wangu. Ulionisifia ni wake."

Baada ya kama dakika ishirini paka aliinua kichwa, akaanza kulamba masharubu. Nilikasirika, sina haja ya kuficha. Nilimfokea mama kuhusu macho yake, figo zake, miguu yake. Nilimuuliza alidhani anamdanganya nani, mimi au ugonjwa. Nilimwambia ningemzika huku natamba kwamba sukari yake ni safi. Alinisubiri nimalize.

"Ikiwa nyekundu hunisalimii," alisema. "Ikiwa bluu, unakaa, tunakunywa chai wote."

Nikatafuta kichwani asubuhi moja, moja tu, ya tofali, ambayo nilimpa shikamoo kabla ya kumpa maneno. Sikuipata. Hapo ndipo hasira ilipoisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

Kesho yake aliniletea kikombe mwenyewe, mkononi. Nikachemsha, ikatoka tofali. Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanyoosha mkono.