Mvua Kwanza, Hoja Baadaye

Kilichoninyima usingizi mwaka ule hakikuwa mapenzi wala ugonjwa. Nilikuwa najiuliza kama niendelee na shahada ya uzamili ya Kihispania au niiache. Swali lenyewe ni fupi, na labda ndiyo maana sikuweza kulimaliza. Nikilalia ubavu wa kulia, naendelea. Nikigeukia wa kushoto, naacha. Kukikucha nimechoka kama mtu aliyetoka Sericho juu ya mzigo wa lori, na kumbe sijatoka kitandani, hapa hapa Isiolo, na tasnifu bado ina sura moja.

Masomo ya darasani nilikuwa nimeyamaliza Nairobi. Kilichobaki ni kuandika. Nilirudi nyumbani nikidhani kwamba kuandika kunataka utulivu na kwamba kwa mama kuna utulivu. Nilisahau kuwa ukuta wetu unapakana na yadi ya baba, ambapo malori hupakia mifugo ya kwenda Nairobi, na mbuzi hawajali kama mtu anafikiri. Mataniboi, vijana wasaidizi wa malori pale yadini, waliponiona nimeketi barazani na tarakilishi walinibatiza Spana, kwa sababu ya Spanish.

"Spana! Ukimaliza hiyo kitabu utaongea na nani hapa? Ngamia?"

"Ngamia ya ayeyo yake inaskia," mwingine akadakia, akimtaja bibi yangu. "Ni watu ndio hawaskii."

Nilicheka nao. Halafu nilishinda siku nzima nikijiuliza kama nilicheka sana, kama wataniona najidai, na kama kweli kuna mtu nitaongea naye. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Utani wa dakika moja unanichukua hadi jioni.

Kulikuwa na njia nyingine, nayo ilinizidishia uchovu. Shule moja ya upili kule Kinna ilihitaji mwalimu wa Kiswahili na fasihi. Mkuu wa shule ni jamaa wa mbali wa mama, na alikuwa ameniwekea nafasi mpaka shule zifunguliwe. "Asituweke tu tukingoja," alimwambia mama. Mama hakunisukuma. Kila asubuhi aliniuliza, "Umeamua?" kwa sauti ile ile ya kuuliza kama nimekunywa chai, kisha akaenda kwa wenzake wanaopokea maziwa ya ngamia.

Tasnifu yangu ilihusu riwaya za vijiji vikavu vya Hispania. Niliyempenda zaidi ni mwanamke mmoja, mjane wa mchungaji. Zamani kondoo walishuka kusini kila mwaka kabla ya baridi na kupita mbele ya mlango wake. Siku hizi wanasafirishwa kwa treni. Lakini kila mwaka msimu ukifika anachukua ufagio, anafagia njia yao, anasafisha birika lao la maji, anangoja. Nilipomsoma mara ya kwanza, chumbani kwangu Nairobi, nililia. Niliona ni kama namjua. Nilisema nitaandika juu yake, nieleze kwamba kungoja kwake si unyonge.

Shida ilikuwa kuanza. Kila nilipotuma sura ile moja, msimamizi wangu aliirudisha na maneno yale yale ukingoni: Hoja iko wapi? Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi wengi na sauti iliyokauka kwa kufundisha, na alitaka jambo lenyewe katika sentensi ya kwanza. Mimi nilianza na mvua ya sehemu ile, nikaja kwenye hali ya malisho, nikaeleza barabara na reli, nikasema kama watu walikuwa na amani, na ukurasa wa tano ndipo mwanamke alipotokea na ufagio wake.

Kila aliporudisha, nilikata kurasa za mbele. Nilipozisoma upya kabla ya kutuma, nilizirudisha. Nilijua kabisa anachotaka. Mkono ndio ulikataa.

Kwetu mtu akifika kutoka safari hasemi jambo lililomleta. Anasalimu, anaketi, anapewa chai, kisha anaulizwa habari, naye anazitoa kwa mpangilio: mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, njia ikoje, nani kahamia wapi, kuna amani. Wanaosikiliza wanaitikia, haya, haya, mpaka amalize. Jambo lake linakuja mwisho, likiwa limeshapata mahali pa kukaa. Anayelisema mlangoni, kabla hata ya chai, amekuja na kifo. Hivyo ndivyo tulivyojua kuhusu babu. Dereva wa baba aliingia uani bila salamu, nikaona mama anaweka sufuria chini kabla hajaambiwa neno.

Sasa kila nilipoandika hoja yangu katika mstari wa kwanza, niliisoma na kuona ninamtangaza maiti.

Msimamizi alipiga simu mchana mmoja wa upepo, vumbi likiwa limejaa hadi kwenye vikombe. Kwa upepo ule simu ilikuwa haisikiki sikioni, ilibidi niiweke kwenye spika. Ayeyo, yaani bibi yangu, alikuwa kwenye mkeka kando yangu na tasbihi yake.

"Nakusikiliza," msimamizi alisema. "Unaendelea au huendelei? Ofisi wananiuliza. Nahitaji neno moja."

"Mwalimu, habari za—"

"Neno moja tu."

"Naomba siku chache."

"Sawa. Chache." Akakata.

Tasbihi ya ayeyo ilikuwa imesimama. "Nani amekufa?"

"Hakuna, ayeyo. Ni mwalimu wangu."

"Baba yake?"

"Hakuna mtu amekufa. Ananiuliza kuhusu masomo."

"Masomo gani hayana salamu?" Aliniangalia kwa makini, kama anayemkagua mbuzi jino. "Na mbona uso wako ni wa matanga? Toa habari."

Nilikuwa nimechoka mno kukataa, kwa hiyo nilitoa habari. Nilianza na mvua ya Hispania. Ayeyo akaitikia, haya. Nikasema malisho ya kaskazini hufunikwa na theluji, akaniuliza theluji inakaa muda gani na wanyama wanakula nini. Nikamweleza njia za kondoo, pana kama uwanja, zilizokuwa na sheria zao tangu enzi za wafalme. Haya. Mama alikuwa amerudi na mitungi mitupu. Naye akaketi. Nikafika kwa mwanamke na ufagio, na sauti yangu ikawa ya mtu anayejua anachosema. Katika mwaka mzima sikuwa nimezungumza juu yake vizuri hivyo. Hata mataniboi wawili walikuwa wameegemea ukuta.

"Na kondoo ziko wapi?" ayeyo aliuliza.

"Kwenye treni."

"Anajua?"

"Anajua. Anaisikia ikipita."

"Basi mbona hakuhama?"

Nikasema ndiyo maana ya kitabu, kwamba kungoja kwake ni namna ya kukataa.

"Anakataa nini? Njia imehama. Mtu anafuata wanyama."

"Mama," mama yangu akasema, "wengine hawana cha kuhama nacho."

"Ana miguu. Ana ufagio."

Mataniboi wakaangua kicheko. "Spana, ayeyo amemaliza hiyo kesi!"

"Na wewe mwenyewe?" mama akamgeukia ayeyo. "Tumekuambia uhame hicho chumba kinachovuja tangu lini?"

"Hicho ni changu," ayeyo akasema, akarudi kwenye tasbihi, na mjadala ukaishia hapo.

Nilikasirika. Nilifungua tarakilishi nikaandika hoja za kumpinga bibi yangu, nyingi, zenye marejeo. Kwamba anasoma riwaya kama anayesikiliza habari za malisho. Kwamba si kila anayebaki ameshindwa kuondoka. Na yeye mwenyewe na chumba chake. Niliandika mpaka adhana ya alasiri, na nilipozisoma niliona zote ni za kweli na hakuna hata moja niliyokuwa na hamu nayo. Nilichokuwa na hamu nacho ni kile kilichotokea barazani, nilipofika kwenye ufagio na watu wakanyamaza.

Kwa siku kadhaa nilizunguka na jambo hilo. Nilijiambia kuacha ni uvivu. Nilijiambia kuendelea ni woga wa kuonekana mvivu. Nilifikiria chumba cha Nairobi, meza yake, ukuta wake, na uchovu ukanipanda kutoka miguuni. Nilifikiria Kinna, watoto waliobanana kwenye madawati, nao hawajasikia bado kuna mwanamke anafagia njia ya kondoo wasiokuja, na nikachoka pia, lakini ulikuwa uchovu wa mtu anayefikiria kazi. Sikuwa na hakika kwamba ayeyo alikuwa sahihi. Mpaka leo sidhani. Mwanamke yule nampenda hapo hapo mlangoni pake. Ila mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio mwaka mzima, na hata kondoo sikuwa nikiwataka.

Nilimpigia msimamizi asubuhi, kabla sijaanza kujipinga. Nilikuwa nimepanga kuanza na salamu, kumshukuru, kumweleza nyumbani kulivyo. Ayeyo alikuwa kwenye mkeka wake, mama alikuwa anafukiza mitungi ya maziwa, moshi wa kuni ukitambaa barazani. Simu ikapokewa.

"Mwalimu, naacha," nilisema. "Naenda kufundisha Kinna."

Mama aliinua kichwa. Tasbihi ikasimama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema jambo kabla ya habari, kama mtu aliyeleta msiba, na kwa kweli nilikuwa nimeuleta. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza aliyonidai msimamizi mwaka mzima.

Nikasikia gari likipiga honi mahali alipokuwa, kisha kiti kikivutwa, kama mtu anayeketi.

"Umeamua?" msimamizi akauliza.

"Nimeamua. Nitaandikia ofisi leo."

"Yule mwanamke wako wa ufagio," alisema, na sauti yake haikuwa ya haraka tena. "Nilikuwa nampenda. Sikuwahi kukuambia."

Ayeyo alinigusa goti, akaonyesha simu kwa kidevu, kuniuliza anasema nini. Nikatikisa kichwa.

"Haya," msimamizi akasema baadaye. Sijui kama alijua anachosema, au ni neno tu. "Huko kwenu vipi? Mvua imenyesha?"

Nikaketi mkekani kando ya ayeyo, nikawasha spika, nikaweka simu kati yetu, nikamwambia imenyesha Gotu, kidogo, na kwamba Kinna bado wanangoja.